Jinsi ya kukokotoa mkolezo wa myeyusho na kuuzimua

MKOLEZO ni kipimo cha kiasi cha kitu kilichoyeyushwa katika ujazo maalumu wa myeyusho. Katika kemia ya shule za upili, aghalabu hupimwa kwa moli kwa kila lita, na kipimo hicho huandikwa kwa herufi M.

Ili kuupata, mwanafunzi hugawanya gramu za kitu hicho kwa uzani wa moli yake moja, kisha hugawanya jibu kwa ujazo wa myeyusho katika lita. Moli moja ya haidroksidi ya sodiamu ina gramu 40. Hivyo gramu 4 ni moli 0.1. Zikiyeyushwa na kufanya myeyusho wa mililita 250, yaani lita 0.25, mkolezo ni 0.4M. Asiyegeuza mililita kuwa lita hupata jibu lililopungua mara elfu moja.

Kuzimua ni kupunguza mkolezo kwa kuongeza maji. Idadi ya moli haibadiliki. Kwa hivyo mkolezo wa awali ukizidishwa kwa ujazo wa awali hulingana na mkolezo mpya ukizidishwa kwa ujazo mpya. Tuseme mililita 25 za asidi ya haidrokloriki ya 2M zinatakiwa ziwe 0.1M. Mbili mara 25 ni 50, na 50 ikigawanywa kwa 0.1 ni 500. Huo ni ujazo wa myeyusho mzima, wala si wa maji. Maji ya kuongeza ni mililita 475. Anayemimina mililita 500 za maji hupata takriban 0.095M, na vipimo vyake vyote vya titresheni huharibika.

Hesabu hii hutumika pia katika kupambana na kipindupindu. Klorini ya asilimia 0.5 hutumiwa kuua viini penye uchafu wa wagonjwa, na ya asilimia 0.05 kunawia mikono. Dawa ya madoa yenye klorini ya asilimia 3.5 huzimuliwa mara saba kupata 0.5: kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji, si saba. Ikizimuliwa kupita kiasi, viini husalia. Ikiwa kali mno, huchoma ngozi.

Asidi kali ya salfuriki ina sharti lake: humiminwa polepole ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa kuwa joto linalozuka laweza kuirusha usoni mwa anayeishughulikia.