Safina ya Horace Tapscott

Mwaka 1961 Horace Tapscott alikuwa hajafika miaka thelathini, na tayari alikuwa na kazi ambayo wapigaji wengi wa rika lake waliitamani: mpiga tromboni katika bendi ya jazi ya Lionel Hampton. Aliiacha. Alichoshwa na kumbi zilizojaa watu wasiosikiliza, na alichoka kuishi mbali na mkewe Cecilia na watoto wao. Akashuka kwenye basi la bendi, akarudi kusini mwa Los Angeles, katika mitaa ya Wamarekani Weusi alikokulia. Mwaka huohuo akaanza kukusanya watu kwa ajili ya kikundi ambacho leo kinajulikana kama Pan Afrikan Peoples Arkestra, na ambacho kimekwisha kuvuka miaka sitini.

Tapscott hakulibuni peke yake wazo la kikundi cha kupiga na kufundishana muziki mtaani. Alizaliwa Houston mwaka 1934, mama yake akiwa mpiga piano, na familia ilipohamia Los Angeles akasoma Jefferson High School. Huko mwalimu wa muziki alikuwa Samuel Browne, mmoja wa walimu Weusi wa kwanza kuajiriwa katika shule za sekondari za jiji hilo. Wanafunzi wa Browne ni pamoja na Dexter Gordon na Don Cherry, waliokuja kuwa magwiji wa jazi. Aliwafundisha kusoma nota na kupanga muziki, akawaita wapigaji wenye majina waje kupiga shuleni. Nje ya shule, Gerald Wilson, mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi, naye alimshika mkono kijana Tapscott. Kwa jinsi Tapscott mwenyewe alivyosimulia, watu hao hawakumdai ada. Walimdai kitu kimoja tu: alichopewa naye akigawe.

Mahali pa kukigawa palikuwa nyumba ya Linda Hill, mpiga piano aliyekuwa nguzo ya kikundi tangu siku za mwanzo. Historia nyingi za jazi humtaja mama huyu kwa kupita, na hilo halimtendei haki, kwa sababu bila mlango wake kuwa wazi pasingekuwa na kikundi cha kusimulia. Wanamuziki walikaa kwake, wakapika, wakatunga, wakafanya mazoezi usiku na mchana. Watoto wa mtaa waliovutwa na sauti waliingia na kuketi. Aliyekuja mara ya pili alipewa nota azitazame, na aliyeendelea kuja alipewa nafasi ya kupiga kando ya wakubwa kama mpiga besi David Bryant na mpiga tromboni Lester Robertson. Hapakuwa na darasa la wanaoanza wala mtihani wa kuhitimu. Kijana alijifunza akiwa ndani ya bendi yenyewe, akisikia kosa lake papo hapo na kulirekebisha wimbo ukiendelea. Arthur Blythe, aliyekuja kutikisa New York kwa saksafoni yake, alipita humo. Mwanamuziki Butch Morris naye alipita humo.

Jina Arkestra, lenye neno la Kiingereza "ark", yaani safina, lilibeba nia ya Tapscott waziwazi: kikundi kiwe safina ya kuhifadhi muziki wa Wamarekani Weusi, kuufundisha na kuupiga mbele ya wenyewe. Kwa hiyo walipiga kwenye bustani za umma, shuleni, makanisani na magerezani, mara nyingi bila malipo. Agosti 1965, ghasia ziliuwasha moto mtaa wa Watts, huko huko kusini mwa Los Angeles, kwa siku sita na watu 34 wakafa. Baada ya hapo sanaa ilishamiri katika mtaa huo uliojeruhiwa, na kikundi cha Tapscott kilikuwa sehemu ya mwamko huo. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba moja ya taasisi za sanaa zilizozaliwa Watts miaka hiyo iliitwa Mafundi.

Msimamo wa Tapscott wa kuwapigia watu wake kwanza ulikuwa na gharama. Mwaka 1969 Tapscott alitoa santuri yake, The Giant Is Awakened, na mwaka huohuo akapanga muziki wa Seize the Time, santuri ya Elaine Brown wa chama cha wanaharakati Weusi cha Black Panther. Kwa karibu muongo mzima baada ya hapo hakutoa santuri nyingine kwa jina lake. Lakini miaka hiyohiyo ambayo soko halikumsikia, majirani zake walimsikia kila mwezi. Kuanzia 1973 hadi 1981, Jumapili ya mwisho ya mwezi, Arkestra ilipiga katika kanisa la Immanuel United Church of Christ. Santuri ya Live at I.U.C.C. ya mwaka 1979 imehifadhi sauti ya mikusanyiko hiyo. Humo ndimo alimosikika Adele Sebastian, mpiga filimbi na mwimbaji aliyefariki mwaka 1983 akiwa bado kijana. Santuri moja tu aliyoiongoza, Desert Fairy Princess, inatosha kutuonyesha tulichopoteza.

Desturi ya kugawa ilivuka mipaka ya kikundi. Mshairi wa Arkestra, Kamau Daáood, aliungana na mpiga ngoma Billy Higgins mwaka 1989 kufungua The World Stage katika kitongoji cha Leimert Park. Ni ukumbi mdogo tu, lakini vijana wa jirani walikaribishwa kujifunza kwa mabingwa.

Tapscott alifariki Februari 1999. Bendi nyingi huzikwa pamoja na waanzilishi wake; hii haikuzikwa. Mpiga saksafoni Michael Session, aliyeingia Arkestra akiwa kijana, aliishika, kisha uongozi ukapita kwa mwanawe Mekala, mpiga ngoma. Mwaka 2023 walitoa albamu ya 60 Years, inayokusanya rekodi za kikundi tangu miaka ya Linda Hill hadi kizazi cha Mekala.