Talaka na Posho ya Matunzo mjini Goma: Kutoka Nyumba ya Baba hadi Mlango wa Mahakama

1. Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 1987 Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilitangaza Kitabu cha Sheria za Jamaa. Kifungu cha 583 cha kitabu hicho kilimruhusu hakimu, kwa kufuata haki na usawa, kumpatia mume au mke aliyeathirika kwa kuvunjika kwa ndoa posho ya kutolewa katika mali au mapato ya mwenzake wa zamani, ili aweze, kadiri inavyowezekana, kuendelea na hali ya maisha aliyokuwa nayo katika ndoa. Posho hiyo, inayoitwa hapa posho ya matunzo, si matunzo ya watoto, wala si mgawanyo wa mali. Ni dai la mtu mzima juu ya mtu mzima mwenzake baada ya kifungo cha ndoa kukatwa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini dai hilo, ijapokuwa limo katika sheria, limekuwa gumu kutimizwa mjini Goma. Hoja kuu ni kwamba mila ilimrudisha mwanamke aliyeachwa kwa ndugu zake, ilhali sheria ilimwelekeza kwa aliyekuwa mumewe. Historia ya Goma imeidhoofisha njia ya kwanza kabla njia ya pili haijapata nguvu.

2. Mahari na nyumba ya baba

Miongoni mwa Wahunde, Wanande, Wahavu, Wanyarwanda na jamii nyingine za Kivu ya Kaskazini, ukoo hufuata upande wa baba. Ndoa ilikuwa mapatano ya koo mbili, na mahari ndiyo iliyoyathibitisha: ng'ombe kwa wafugaji, mbuzi kwa Wanande. Ndoa ilipovunjika, wazee waliulizana mambo mawili: mahari irudishwe kiasi gani, na watoto wakae wapi. Swali la mume kuendelea kumlisha mke aliyeondoka halikuwa na nafasi, kwa kuwa mke huyo alikuwa na pa kwenda. Alirudi kwa baba au kaka, akapewa mahali pa kulala na shamba la kulima.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mila haikumwekea mtalikiwa riziki yoyote. Riziki ilikuwepo, lakini mdaiwa wake alikuwa ukoo wa mke mwenyewe. Tena haikukosa masharti. Kaka aliyekwisha kuitumia mahari ya dada yake ili kujiolea alikuwa na sababu nzito ya kumsihi dada avumilie na arudi kwa mumewe, maana kuvunjika kwa ndoa moja kuliweza kuitikisa nyingine.

Mpangilio wa namna hii haukuwa wa Kivu peke yake. Kwa Waislamu wa Pwani, ambako Kiswahili kimelipata neno talaka, mume humlisha mtalaka katika muda wa eda, na sheria ya dini inataja pia kitoka-nyumba, yaani zawadi ya kumliwaza mke aliyeachwa. Eda ikiisha, wajibu wa kawaida wa mume huisha, na mwanamke hurudi mikononi mwa jamaa zake. Pande zote mbili, basi, nyuma ya talaka palikuwa na nyumba inayongoja.

3. Sheria mbili za wakoloni

Utawala wa Wabelgiji haukuigusa sana nyumba hiyo. Sheria ya kiraia kuhusu watu, iliyotolewa kwa amri ya 1895, iliwahusu Wazungu na Waafrika wachache walioandikishwa chini yake. Wengine wote walibaki chini ya mila, na amri ya 1926 ikazipanga mahakama za wenyeji zilizosikiliza mashauri yao ya ndoa na mahari.

Wazo la posho baada ya talaka lilikuwa na historia ndefu katika sheria za Ulaya. Sheria za Kiraia za Ufaransa za 1804, ambazo Ubelgiji ilizirithi, ziliruhusu mwenzi aliyepewa talaka kwa kosa la mwenzake kulipwa posho isiyozidi theluthi moja ya mapato ya mkosaji. Msingi wake ulikuwa kosa: mwenye hatia alilipa, asiye na hatia alilipwa. Msingi huo haukufika katika mahakama za wenyeji. Mwanamke Mkongomani aliyeachwa katika miaka ya ukoloni aliendelea kuhesabiwa kuwa binti wa ukoo wake.

4. Mageuzi ya 1987 na mgongano wake

Kitabu cha Sheria za Jamaa, kilichoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1988, kilikusudia kuwaweka raia wote chini ya sheria moja. Mahari ilibaki kuwa sharti la ndoa. Talaka, hata hivyo, haikuwa tena shauri la wazee: ilitolewa na mahakama baada ya juhudi za kusuluhisha kushindikana, iwapo hakimu aliridhika kuwa umoja wa ndoa umeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Kuhusu posho, kifungu cha 583 kilitazama hasara iliyompata mwenzi kwa kuvunjika kwa ndoa. Hapo ndipo palipokuwa na upya wake. Mke aliyetumia miaka ishirini kulea na kupika bila mshahara aliweza kudai bila kujificha nyuma ya kaka yake.

Lakini kitabu hichohicho kilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba, kikamtaka mke amtii, kikamlazimisha kuomba idhini yake kwa matendo ya kisheria, na kikamkadiria mume kuwa msimamizi wa mali za ndoa. Athari yake ilionekana wazi katika mji wa biashara kama Goma. Wanawake wengi huvuka mpaka wa Gisenyi na mizigo midogo kila siku, na faida yao hulisha watoto, lakini kiwanja na nyumba huandikwa kwa jina la mume. Siku ya talaka mchango wa mke hauna karatasi. Swali la aina hii lilifika pia Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, na mahakama ikakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Shauri hilo lilihusu mgawanyo wa mali, wala si posho, lakini linaonyesha tatizo lilelile: kazi isiyo na mshahara huonekana tu pale hakimu anapokubali kuitazama.

Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa sharti la idhini ya mume na kuweka umri wa kuoa au kuolewa kuwa miaka 18 kwa wote. Mume, hata hivyo, alibaki kuwa mkuu wa nyumba.

5. Mambo matatu ambayo sheria huyategemea

Ili posho ya matunzo ilipwe, sharti kuwe na ndoa inayothibitika, mapato yanayojulikana, na mahakama inayofanya kazi. Goma imepata pigo katika kila moja ya haya.

Kwanza, ndoa. Wengi wa wakazi wa mji huishi katika muungano ambao Wakongomani huuita kwa Kilingala yaka tofanda, yaani njoo tukae. Mahari haikutolewa, au ilitolewa nusu, na ofisi ya Serikali haikuandika kitu. Muungano huo ukivunjika, hakuna ndoa ya kutalikiwa, na pasipo talaka hakuna posho. Hata waliooana rasmi hupoteza ushahidi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa makao. Nyumba zilizoteketea ziliteketea pamoja na karatasi zilizokuwamo.

Pili, mapato. Hakimu anaweza kukata sehemu ya mshahara wa karani, lakini ni vigumu kukisia pato la dereva wa pikipiki, mchimba madini au mchuuzi. Fedha yenyewe nayo haikuaminika. Mnamo 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Posho iliyokuwa imepangwa kwa fedha ya zamani miaka michache kabla ya hapo haikuweza kununua hata kilo ya maharagwe.

Tatu, mahakama. Vita vya 1996 na 1998 viliuweka mji chini ya tawala za waasi, na mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliuteka tena. Mahakama za Serikali mjini zikasimama, na benki zikafungwa. Mwanamke aliyekuwa na hukumu mkononi alibaki na karatasi isiyokuwa na wa kuitekeleza.

Vita hivyohivyo vimeibomoa nyumba ya baba. Shamba la Masisi au Rutshuru ambalo kaka angempa dada yake limekimbiwa, na kaka mwenyewe huenda ni mkimbizi katika mji uleule. Mwanamke aliyeachwa hana tena pa kurudishwa.

6. Hitimisho

Msamiati wa Kiswahili unasaidia kuona kiini cha jambo. Katika Kongo ya kikoloni posho ilikuwa chakula ambacho mwajiri alimgawia mfanyakazi wake, nayo ilikoma kazi ilipokoma. Kifungu cha 583 kinataka kinyume chake: kitolewe kitu baada ya kazi ya ndoa kukoma, kwa sababu kazi hiyo ilifanywa. Maana hiyo haijaeleweka vya kutosha, hasa kwa kuwa sheria iliandikwa kwa Kifaransa, na wanaoihitaji huyaeleza masaibu yao kwa Kiswahili. Vyama vya mjini Goma kama Dynamique des Femmes Juristes vimefanya kazi ya kuwapa wanawake msaada wa kisheria, na kazi hiyo ni ya lugha kama ilivyo ya sheria.

Kuandikisha ndoa mapema, kuandika majina ya wote wawili katika hati ya kiwanja, na kutunza nakala za hati mahali pengine mbali na nyumbani ni hatua ndogo. Hata hivyo, pale ambapo ukoo umetawanyika na mahakama imefungwa, hatua hizo ndizo zinazoweza kuliweka dai hai mpaka siku atakapopatikana hakimu wa kulisikiliza.