TAKRIMA

Takrima ni neno zuri. Limezaliwa tumbo moja na karimu na ukarimu, na wazee wetu walilitamka kwa heshima: mgeni alipofika, alifanyiwa takrima, yaani alipewa maji, chakula na mahali pa kulala. Katika kusoma kwangu historia ya chaguzi zetu nimejiuliza mara nyingi jinsi neno hilo lilivyokuja kupachikwa juu ya jambo lingine kabisa.

Turudi nyuma hadi mwaka 1965, uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika majimbo mengi ya Tanzania Bara, TANU ilisimamisha watu wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wagombea hao walikwenda pamoja mkutano hadi mkutano, wakapanda jukwaa moja na kusema kwa zamu. Mikutano iliandaliwa na chama. Kuomba kura kwa kabila au dini kulikatazwa, na mtu kujifanyia kampeni yake pembeni hakukuruhusiwa. Tajiri na maskini walisimama sawa, walau mchana (ya usiku ni mengine). Wananchi nao waliamua kweli: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa.

Sisemi utaratibu ule ulikuwa wa haki tupu. Majina yalichujwa na Halmashauri Kuu ya chama, na kwa urais palikuwa na jina moja tu, la ndiyo au hapana. Lakini jambo moja walilifikiria sana: mpiga kura asikilize kwanza, asilishwe kwanza.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uchaguzi wake mkuu wa kwanza ukafanyika mwaka 1995. Mwaka 2000 Bunge likarekebisha Sheria ya Uchaguzi. Kumlisha na kumnywesha mpiga kura ili kupata kura yake kulibaki kuwa kosa, ila sasa likitendwa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, halikuhesabiwa kosa. Kikomo hakikutajwa. Pishi ya mchele? Doti ya kanga? Ng'ombe mzima?

Hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana na watetezi wa kifungu hicho waliosema ni mila. Mila ya nani? Kwa desturi ninazozijua, anayekirimu ni mwenyeji. Mgombea aliyetoka mjini na gari lake ndiye mgeni, kisha yeye ndiye anawalisha wenyeji! Mama aliyepokea kilo ya sukari simlaumu, watoto wake walihitaji chai. Namfikiria zaidi yule mwalimu wa kijijini mwenye sera nzuri na mfuko mtupu, ambaye hata jukwaani hakusikilizwa.

Mashirika matatu yalikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo, kwa kuwa viliwabagua wagombea wasio na kipato na kukiuka usawa ulioandikwa katika Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyoweka kikomo cha matumizi na kutaka fedha za kampeni zielezwe zimetoka wapi.

Neno lenyewe bado halijarudi nyumbani. Mwambie jirani yako umealikwa kwenye takrima, uone kama hatakuuliza ni ya mgombea gani.