Makadirio ya trafiki ya mtandao

Makadirio ya trafiki ya mtandao ni kazi ya kujua ni data kiasi gani inapita katika mtandao mkubwa wa kompyuta, inatoka wapi na inaelekea wapi. Wahandisi huyatumia kuamua njia ipi iongezewe uwezo.

Kuhesabu data

Kila ruta ina kaunta zinazohesabu baiti zinazopita katika viungo vyake. Mara nyingi kaunta hizo husomwa kila baada ya dakika 5 kwa itifaki ya SNMP. Kaunta ya biti 32 hurudi sifuri baada ya baiti 4,294,967,296. Katika kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde kilichojaa, hilo hutokea kila baada ya sekunde 34 hivi. Ndiyo sababu viungo vya kasi hutumia kaunta za biti 64.

Tatizo

Kaunta huonyesha jumla tu. Kwa mfano, kama data ya Mombasa inayokwenda Kampala inapitia Nairobi, kaunta ya kiungo cha Nairobi na Kampala haiwezi kuitenganisha na data iliyoanzia Nairobi. Mtandao wenye vituo 12 una mitiririko 132 kati ya vituo, lakini viungo vyake kwa kawaida ni vichache zaidi. Hivyo visivyojulikana ni vingi kuliko milinganyo.

Mbinu

Ruta nyingi zinaweza kurekodi kila mtiririko, kwa mfano kwa mfumo wa NetFlow wa kampuni ya Cisco. Ili kupunguza kazi, huchunguzwa sampuli, kama pakiti 1 kati ya 1,000, kisha matokeo huzidishwa. Mitiririko midogo huweza kukosekana kabisa.

Mwaka 1996 mwanatakwimu Yehuda Vardi alionyesha jinsi ya kukadiria mitiririko kutokana na jumla za viungo. Mbinu hiyo aliiita tomografia ya mtandao. Mbinu nyingine, modeli ya mvutano, huchukulia kwamba kituo kinachopokea data nyingi hupata sehemu kubwa ya data ya kila kituo kingine. Mwaka 2003 watafiti wa AT&T waliziunganisha mbinu hizo mbili.

Umuhimu

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Waya ukikatika, data huhamishiwa njia nyingine. Bila kujua inakoelekea, ni vigumu kutabiri ni kiungo kipi kitakachozidiwa.