Maji kwa wote: kutoka 1991 hadi 2030

Huku ughaibuni ni vigumu kupita wiki bila kukutana na vile viboksi 17 vya rangi vya Malengo ya Maendeleo Endelevu. Lengo la 6 linasema ifikapo 2030 kila binadamu awe amepata maji safi na salama. Malengo haya yalipitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015, na wengi wanadhani ahadi hiyo ilizaliwa siku hiyo. Sisi Watanzania tuliisikia zamani.

Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha yake: ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi, umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Hiyo ni miaka 6 kabla ya mkutano wa Mar del Plata, Argentina, wa 1977, uliozaa Muongo wa Maji wa Umoja wa Mataifa wa 1981 hadi 1990.

Na kazi ilifanyika, jamani. Wafadhili waligawana mikoa: Finland walikwenda Mtwara na Lindi, Sweden Kanda ya Ziwa, Denmark Iringa, Mbeya na Ruvuma. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa. Maji yalikuwa bure, serikali ikabeba gharama.

Tatizo lilianzia hapo hapo. Pampu nyingi zilitegemea dizeli. Bei ya mafuta ikapanda duniani 1973, ikapanda tena 1979, na katikati yake ikaingia vita ya Kagera. Fedha za kigeni zikaadimika, dizeli na spea zikawa za kutafuta kwa tochi. Pampu ikiharibika kijiji kilisubiri serikali ije itengeneze, maana pampu ilikuwa ya serikali. Akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. 1991 ukafika, ahadi haijatimia. Sera ya Maji ya 2002 yenyewe ilikiri kwamba ni kama nusu tu ya watu wa vijijini waliokuwa na huduma ya kuaminika, na zaidi ya asilimia 30 ya miradi ilikuwa haifanyi kazi ipasavyo.

Wakati huo dunia ilikuwa na Malengo ya Milenia ya mwaka 2000, na la maji lilikuwa kupunguza kwa nusu, ifikapo 2015, sehemu ya watu wasio na maji salama. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ukatangaza kuwa lengo hilo lilifikiwa tangu 2010. Lakini tujiulize, kilihesabiwa nini? Ilihesabiwa aina ya chanzo: bomba, au kisima kilichojengewa vizuri. Kama maji yenyewe yana vijidudu, au bomba linatoa maji mara moja kwa wiki, hilo halikuingia kwenye hesabu. Tena wastani wa dunia ulibebwa sana na China na India. Afrika kusini mwa Sahara tulibaki nyuma.

Ndiyo maana mwaka 2015 kipimo kilikazwa: maji yawe nyumbani, yawepo yanapohitajika, na yasiwe na uchafu. Kwa kipimo hicho, mwaka 2022 watu bilioni 2.2 duniani walikuwa hawana maji ya namna hiyo. Ni hesabu chungu, lakini angalau ina ukweli zaidi.

Mimi ninachojifunza ni hiki: ahadi ya 1971 haikukosa nia, wala haikukosa mtu wa kuchimba. Ilikosa lita ya dizeli, spea na fundi wa karibu. Kuchimba ni kazi ya wiki chache, kutunza ni kazi ya miaka yote.

Na hili linatuhusu sisi tulio nje, kwa sababu kila mwaka vyama vyetu vinachangishana kuchimba kisima nyumbani. Safari ijayo, kabla hatujapiga picha na utepe, tuulize: nani ni fundi, analipwa na nani, spea zinauzwa wapi, na mfuko wa matengenezo uko mikononi mwa nani? Kama hakuna anayeweza kujibu, basi hela zetu zianzie kwenye majibu hayo, kisima kifuate.