Ujerumani: Bunduki na mipaka ya haki ya kujihami

Nchini Ujerumani sheria inamruhusu mtu kujihami, hata kwa silaha ya moto. Hata hivyo, kati ya risasi halali na kosa la jinai mara nyingi pana muda wa kupepesa jicho tu.

Msingi wa suala zima ni kifungu cha 32 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo. Kwa mujibu wake, havunji sheria yule anayetenda lililo la lazima ili kuzuia shambulio lisilo halali, linalotokea wakati huo huo, dhidi yake au dhidi ya mtu mwingine. Shambulio lililokwisha si shambulio tena, na kulipiza kisasi si kujihami. Sheria haitofautishi hapa kati ya raia na mgeni.

Wageni wengi hudhani kuwa nchi yenye kanuni nyingi kiasi hicho humtaka anayevamiwa akimbie kwanza. Sivyo. Kwa kawaida hakuna wajibu wa kukimbia, wala mahakama haziweki mali ya mwenye nyumba na mwili wa mwizi katika mizani moja. Wanasheria wa huko hushikilia kwamba haki haipaswi kuipisha dhuluma njia. Lakini anayempiga mtu risasi kwa sababu ya kitu cha thamani ndogo mno hapati kinga hiyo. Na mbele ya mtoto au mgonjwa wa akili, au pale alipouchokoza ugomvi mwenyewe, hutakiwa kuepa kwanza akiweza.

Kuhusu bunduki, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliyoko Karlsruhe imeweka utaratibu: kwanza onyo, kwa mdomo au kwa risasi ya hewani, kisha kulenga mahali pasipohatarisha uhai, kama vile mguu, risasi ya kuua ni ya mwisho kabisa. Utaratibu huo hufuatwa pale tu hali inaporuhusu. Aliyeshambuliwa halazimiki kubahatisha njia ambayo huenda isimwokoe.

Kesi mbili za mwaka 2010 zinaonyesha ugumu wake. Mwezi Machi, huko Anhausen, askari wa kikosi maalumu walikuwa wakivunja mlango wa mwanachama wa kundi la Hells Angels alfajiri, bila kujitambulisha. Yeye alidhani ni mahasimu wa kundi jingine waliokuja kumwua. Alipaza sauti kuwafukuza, hawakuacha, akafyatua risasi kupitia mlangoni na askari mmoja akafa. Mahakama ya Koblenz ilimhukumu kwa kosa la kuua, lakini Novemba 2011 Karlsruhe ikaifuta hatia hiyo: kwa kuwa aliamini kwa dhati kwamba anashambuliwa, alihesabiwa kama mtu aliyejihami. Uamuzi huo uliwachukiza polisi wengi, na si vigumu kuona kwa nini.

Mwezi Desemba, huko Sittensen, vijana watano walimvamia mstaafu mmoja, mwindaji mwenye silaha zenye kibali. Walipokuwa wakitoroka aliwafyatulia risasi. Kijana wa miaka 16 alipigwa mgongoni akafa. Mwaka 2014 mahakama ya Stade ilikataa hoja ya kujihami, ikampa mzee huyo kifungo cha nje cha miezi tisa. Kifungu cha 33, kinachomwondolea adhabu aliyevuka mpaka kwa kuchanganyikiwa, hofu au fadhaa, hakikumwokoa.

Jambo jingine ni silaha yenyewe. Kibali cha kumiliki bunduki nyumbani hakimruhusu mtu kutembea nayo mjini. Kibali cha kutembea nayo hutolewa kwa nadra, kwa anayethibitisha kwamba yumo hatarini kuliko watu wengine. Hata bastola ya gesi, tangu mwaka 2003, inahitaji kibali kidogo ili kubebwa hadharani. Na aliyejihami kihalali kwa bastola isiyo na kibali anaweza kuachiwa kwa risasi aliyoifyatua, kisha akahukumiwa kwa bastola aliyoishika.