Muhammad Asad: Mwandishi wa Magazeti Aliyeshika Matbaa

Ndugu msomaji, huenda katika kabati lako la vitabu, au la jirani yako, ipo tafsiri ya Kurani kwa Kiingereza yenye jina la Muhammad Asad. Wengi wetu twajua kwamba mtu huyu alizaliwa Myahudi, jina lake Leopold Weiss, kisha akasilimu. Twapenda kuisikia hadithi hiyo. Lakini tukishafika kwenye shahada huifunga, kana kwamba mtu akisilimu kazi yake imekwisha. Leo tunataka kukusimulia sehemu iliyobaki, nayo ni ya kalamu na matbaa, na gharama yake.

Alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Lemberg, uliokuwa chini ya dola ya Austria, na ambao leo huitwa Lviv, katika nchi ya Ukraine. Babu yake alikuwa rabi. Alipokuwa kijana alikwenda Berlin kutafuta kazi ya uandishi, akabisha milango mingi asifunguliwe. Mwaka 1921 shirika la habari liitwalo United Telegraph likampa kazi ya simu tu: habari waandike wengine, yeye azisome kwenye simu zifike magazetini. Siku moja akapata fununu kwamba mke wa Maxim Gorky, yule mwandishi mashuhuri wa Kirusi, yumo mjini kwa siri, anatafuta msaada kwa ajili ya njaa iliyoikumba Urusi. Akamwendea hotelini, akamhoji, akaileta habari ambayo wakubwa wake hawakuwa nayo. Karani wa simu akawa mwandishi.

Mwaka 1922 alikwenda Baitul Muqaddas kwa mjomba wake, na kutoka huko akawa mwakilishi wa Frankfurter Zeitung, moja katika magazeti makubwa ya Ujerumani. Aliwaona Waarabu wa Palestina wakifanyiwa mipango ya nchi yao bila ya kuulizwa, akawapinga Wazayuni waziwazi, naye bado ni Myahudi. Hapo ndipo tunapomjua mtu: anaposema kweli dhidi ya watu wake mwenyewe. Mwaka 1926, akiwa Berlin, aliwatazama abiria wenzake garini, watu waliovaa vizuri na kula vizuri, akaona nyuso zao zimejaa huzuni. Aliporudi nyumbani akaukuta msahafu umefunguliwa kwenye Suratut-Takathur, ile sura fupi tuliyoihifadhi chuoni tukiwa watoto. Akasilimu. Mwaka uliofuata alihiji pamoja na mkewe Elsa, na baada ya siku chache Elsa akafariki huko huko Makka.

Alikaa Arabuni miaka kadhaa, karibu na Mfalme Ibn Saud, kisha mwaka 1932 akaenda Bara Hindi. Huko alikutana na mshairi Muhammad Iqbal, na huko ndiko alikoshika kazi ya kuchapisha mwenyewe. Akaanzisha nyumba ya vitabu akaiita Arafat, akakusudia kuitafsiri Sahihi ya Bukhari kwa Kiingereza, Kiarabu chake kikiwepo pamoja na maelezo, itolewe kwa sehemu 40. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1938 zilitoka sehemu 5.

Sisi watu wa pwani tusiione kazi hii kuwa ngeni. Miaka michache tu kabla ya hapo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Mombasa akitoa Sahifa yake, mwaka 1930, na kisha Al-Islah, mwaka 1932. Mwenye gazeti dogo ndiye mwandishi, ndiye msahihishaji, na ndiye mdaiwa. Lakini hakuna mkubwa wa kumfutia sentensi yake.

Vita vilipoingia mwaka 1939, Waingereza walimkamata Asad. Ujerumani ilikuwa imeimeza Austria, basi yeye akahesabiwa raia wa adui. Akawekwa kizuizini mpaka mwaka 1945, karibu miaka 6. Fikiri, ndugu yangu: amefungwa kwa kuhesabiwa upande wa Hitler, na huku baba yake na dada yake wanaangamizwa na watu wa Hitler.

Alipotoka hakupumzika. Mwaka 1946, kutoka mji wa milimani wa Dalhousie, alitoa jarida la kila mwezi, nalo akaliita Arafat, akiliandika takriban lote kwa mkono wake. Mwaka 1947 Bara Hindi likagawanyika. Katika machafuko ya Lahore maktaba yake iliharibiwa, na miswada ya Bukhari, kazi ya zaidi ya miaka 10, ikapotea. Yeye mwenyewe aliziona karatasi chache zikielea katika mto Ravi, zikichukuliwa na maji pamoja na taka.

Hapa tupite upesi. Aliitumikia serikali ya Pakistan, mwaka 1952 akapelekwa Umoja wa Mataifa, kisha akajiuzulu, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake mashuhuri, The Road to Mecca. Baadaye akahamia Tangier, katika nchi ya Moroko, na mkewe Pola Hamida, akajitia katika tafsiri ya Kurani. Mwaka 1964 sehemu ya kwanza ilitolewa na Rabita ya Makka. Lakini wanavyuoni wengi hawakuridhika na namna alivyoifasiri baadhi ya miujiza kuwa ni mifano, na mwaka 1974, kabla haijakamilika, kitabu kikapigwa marufuku Saudi Arabia.

Katika jambo hili tuseme kweli. Sisi si katika wanaokubali kila alichokiandika chini ya kurasa zile. Muulize sheikh wako, atakuonyesha palipo na khitilafu. Walakini kukijibu kitabu ni kazi ya mwanachuoni, na kukificha ni kazi ya yeyote mwenye ufunguo wa forodha. Asad hakuwatukana waliompinga, wala hakuibadili tafsiri yake ili ipate kununuliwa. Aliimaliza, akaitoa mwaka 1980 kwa jina la nyumba yake mwenyewe, Dar al-Andalus, iliyokuwa Gibraltar. Nao ni ule mlima wa Tariq bin Ziyad, Jabal Tariq, ambao Wazungu wamelivunja jina lake hata hatulisikii tena. Alikuwa na umri wa miaka 80.

Alifariki Uhispania mwaka 1992, akazikwa Granada, katika makaburi ya Waislamu.

Miaka 11 kabla ya hapo, mwaka 1981, Dar al-Andalus ilikuwa imekitoa tena kitabu chake cha Bukhari, chote katika jalada moja. Lakini zilikuwa ni zile sehemu 5 tu kati ya 40, zilizokuwa zimekwisha kupigwa chapa na kuingia majumbani mwa watu kabla ya vita. Nyingine zote zilikwenda na mto.